UZI: Magazeti yaliyowafanya wahamiaji kuwa Waitalia, kuanzia New York hadi Malindi

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa,

Mjadala wa diaspora unapozuka humu ndani haukawii kuelekea kwenye mambo mawili, uraia pacha na fedha zinazotumwa nyumbani, na ukishafika hapo huzunguka pale pale. Ninaomba leo tuwatazame Waitalia, ambao wamekuwa wakihama kwa wingi kwa karibu karne moja na nusu, lakini tuwatazame kupitia mlango tusiouzoea, yaani magazeti waliyojichapishia wenyewe katika nchi walikohamia. Ninachotaka kukionesha ni kwamba jamii za Waitalia ughaibuni zilijengwa na habari kabla ya kujengwa na serikali, na kwamba Roma ilipoamka kuwatungia sheria watu hao iliwakuta tayari wana wahariri, vyama, timu za mpira na hata sanamu zao.

Kwanza tuelewe walikuwa nani. Kuanzia 1876, takwimu rasmi zilipoanza kukusanywa, hadi miaka ya 1970, ziliandikwa safari za kuhama zipatazo milioni 26, ingawa wengi walirudi na wengine waliondoka zaidi ya mara moja. Mwaka 1913 peke yake walioondoka walizidi 870,000. Watu wa Veneto walielekea zaidi kusini mwa Brazili, watu wa Genova walijaza mtaa wa La Boca pale Buenos Aires, na watu wa Sicilia na Campania wakaingia Marekani kwa maelfu. Italia yenyewe ilikuwa taifa changa lililounganishwa mwaka 1861, na mwanaisimu Tullio De Mauro alikadiria kwamba wakati wa muungano huo waliokijua Kiitaliano sanifu hawakufika asilimia 3 ya wananchi. Kwa hiyo mkulima kutoka Calabria na fundi kutoka Liguria waliokutana bandarini New York hawakuwa na lugha moja ya kuaminiana, na kila mmoja alikwenda kupanga chumba kwenye mtaa wa watu wa kijiji chake, karibu na kanisa lenye picha ya mtakatifu wa kijiji chake.

Gazeti halikuweza kuishi hivyo. Mchapishaji aliyetaka wanunuzi wa kutosha hakuweza kuchapa toleo la kila kijiji. Ilimbidi aandike kwa Kiitaliano sanifu, na msomaji, au jirani aliyewasomea wenzake wasiojua kusoma, ilimbidi akizoee. Ndani ya kurasa zile zile mtu wa Palermo alisoma tanzia ya mtu wa Torino, ratiba ya meli, tangazo la kazi ya reli na taarifa ya tetemeko la ardhi la Messina la 1908. Ninathubutu kusema kwamba wengi wao walijitambua kuwa Waitalia wakiwa New York au São Paulo, baada ya kuondoka Italia bila kujitambua hivyo.

Gazeti lililovuma kuliko yote nchini Marekani lilikuwa *Il Progresso Italo-Americano*, lililoanzishwa New York mwaka 1880 na Carlo Barsotti. Yeyote aliyepita Columbus Circle jijini humo ameiona kazi ya gazeti hilo, kwa sababu ile sanamu ya Columbus iliyosimamishwa mwaka 1892 ililipiwa kwa michango iliyokusanywa kupitia kurasa zake. Kampeni za namna hiyo zilizaa pia sanamu ya Garibaldi mwaka 1888, ya Verdi mwaka 1906 na ya Dante mwaka 1921. Wapo waliosema kwamba Barsotti alikuwa akijitangaza mwenyewe na kuuza nakala, na sioni sababu ya kuwapinga. Hata hivyo, kwa kibarua aliyeitwa majina ya dharau kazini, katika nchi ambako Waitalia kumi na mmoja waliuawa na kundi la watu mjini New Orleans tarehe 14 Machi 1891, kuchangia sanamu iliyosimama katikati ya jiji halikuwa jambo dogo.

Nitaongeza mfano mmoja ambao wapenzi wa soka watauelewa haraka. Mwaka 1914 timu za Torino na Pro Vercelli zilizuru Brazili, na Waitalia wa São Paulo wakapata hamu ya kuwa na klabu yao. Kijana aitwaye Vincenzo Ragognetti aliandika wito katika *Fanfulla*, gazeti la Kiitaliano lililokuwa likichapishwa jijini humo tangu 1893, akiwaomba wenye nia wajitokeze. Walijitokeza, na tarehe 26 Agosti 1914 ikazaliwa Palestra Italia, ambayo leo dunia inaijua kwa jina la Palmeiras.

Karibuni tuendelee.

Mchangiaji wa 1, Dar es Salaam

Mkuu, uzi ni mzuri, lakini ninaona umewapamba wahariri hao kupita kiasi. Katika historia ya wahamiaji karibu kila mahali, mtu mwenye gazeti ndiye huyo huyo mwenye benki ya kutuma fedha, wakala wa meli na mtafutaji wa vibarua. Je, msomaji wa kawaida alilindwa na magazeti hayo, au alikamuliwa nayo? Pia ningependa kujua yalisimama upande gani wakati wa Mussolini, kwa kuwa hapo ndipo uhuru wa gazeti la ughaibuni unapopimwa.

Mwanzisha uzi

Maswali yako yote mawili yana uzito, na majibu yake hayaleti heshima kwa kila mhusika.

Kuhusu fedha, ni kweli kwamba Barsotti alikuwa pia mfanyabiashara wa benki, na kwamba mitaa ya wahamiaji ilijaa mabenki madogo ya watu binafsi, mengine yakiwa ndani ya duka la vyakula, ambayo yaliweza kufungwa usiku mmoja pamoja na akiba za watu. Hali hiyo ndiyo iliyoifanya serikali ya Italia ipitishe sheria mwaka 1901 iliyoipa Banco di Napoli kazi ya kusafirisha fedha za wahamiaji kwa njia salama. Mwaka uliofuata taarifa za mateso ya wafanyakazi wa Kiitaliano katika mashamba ya kahawa ya São Paulo zilisababisha agizo lililojulikana kwa jina la waziri Prinetti, lililozuia safari za kwenda Brazili zilizolipiwa nauli na upande wa Brazili. Tazama mpangilio wake: malalamiko yalitangulia, yakazungumzwa hadharani, kisha dola ikasukumwa kuchukua hatua.

Kuhusu Mussolini, *Il Progresso* lilinunuliwa mwaka 1928 na Generoso Pope, tajiri wa biashara ya mchanga na kokoto, na kwa zaidi ya miaka kumi lilimsifu Mussolini, aliyeitwa Duce yaani kiongozi, karibu bila kusita. Pope aligeuka hadharani mwaka 1941, vita vilipokuwa vinaikaribia Marekani. Lakini katika jiji hilo hilo Carlo Tresca alikuwa akichapisha *Il Martello*, gazeti dogo la mrengo wa kushoto lililowashambulia mafashisti kila lilipotoka. Tresca alipigwa risasi kwenye Fifth Avenue tarehe 11 Januari 1943, na hakuna mtu aliyewahi kutiwa hatiani. Kwa hiyo msomaji wa New York alikuwa na nafasi ya kusikia pande mbili kwa lugha yake, nafasi ambayo msomaji wa Milano wa wakati huo hakuwa nayo. Mimi hilo ndilo linalonifanya niyathamini magazeti haya pamoja na uchafu wake wote.

Vita vyenyewe viliwaumiza wasomaji kuliko wamiliki. Wahamiaji wapatao 600,000 waliokuwa hawajapata uraia wa Marekani waliorodheshwa kuwa raia wa adui hadi Oktoba 1942. Uingereza iliwakamata Waitalia wengi wakiwemo wauza aiskrimu na wenye mikahawa, na meli ya Arandora Star iliyokuwa ikiwapeleka kizuizini Kanada ilipozamishwa tarehe 2 Julai 1940, waliokufa miongoni mwao walizidi 440. Brazili nayo ilikataza majina yanayohusiana na nchi za Mhimili, yaani Ujerumani, Italia na Japani, na ndiyo maana Palestra Italia ikabadilishwa jina mwaka 1942, sambamba na klabu nyingine ya Waitalia kule Belo Horizonte iliyogeuka kuwa Cruzeiro.

Mchangiaji wa 2, Malindi

Salamu kutoka pwani. Mmetaja New York na São Paulo, nami niongeze kwamba sisi wa huku hatuhitaji kupanda ndege kuwaona Waitalia walio nje ya kwao. Walianza kuzoeleka eneo hili miaka ya 1960, wakati profesa Luigi Broglio alipojenga kituo cha kurushia setilaiti pale Ngomeni. Roketi ziliruka kutoka kwenye majukwaa yaliyosimikwa baharini, na setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Baada ya wahandisi wakaja wenye hoteli, wapishi na wastaafu, na leo mwenye duka la vinyago hapa Malindi anaweza kupatana bei kwa Kiitaliano bila kujikwaa.

Jambo linalounga mkono hoja ya mwanzisha uzi ni kwamba Waitalia wa hapa nao wana tovuti yao ya habari kwa Kiitaliano, na habari zake si za Roma. Wanaandika kuhusu barabara, umeme kukatika, masharti mapya ya viza, msimu wa mvua na nani anaandaa tamasha gani Watamu. Ukimwona mzee wa Kiitaliano akisoma kitu kwenye simu asubuhi akinywa kahawa, usidhani anafuatilia bunge la kwao.

Tusisahau pia waliofika Kenya bila kupenda. Maelfu ya askari wa Kiitaliano waliotekwa Uhabeshi na Somalia wakati wa Vita Kuu ya Pili walifungwa Kenya. Ndio waliojenga kile kikanisa kidogo kando ya barabara ya Mai Mahiu kwenye bonde la ufa, na kamanda wao, mwanaukoo wa kifalme aliyeitwa Duke wa Aosta, alifia Nairobi mwaka 1942 na amezikwa Nyeri.

Mchangiaji wa 3, Mtanzania aishiye Bologna

Nimefuatilia kwa makini, na ninaomba niseme kutoka upande wa pili wa mlango. Hapa Italia tuko wageni zaidi ya milioni 5 wenye ukaazi halali. Mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa Bologna, akasoma chekechea hapa na kuzungumza kwa lafudhi ya hapa, kwa sheria ya 1992 anasubiri hadi atimize miaka 18 ndipo aombe uraia, tena awe ameishi nchini mfululizo. Wakati huo huo, kwa miaka mingi, mtu wa Buenos Aires ambaye babu wa babu yake alipanda meli mwaka 1890 aliweza kudai pasipoti ya Italia bila kujua hata salamu. Nisaidieni kuelewa mantiki yake, na kama kweli mambo yamebadilika mwaka 2025.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, yamebadilika upande mmoja tu, nao si upande wako.

Sheria ya 1992 ilifuata damu bila kikomo cha vizazi. Wajukuu na vitukuu wa Amerika ya Kusini walipoanza kudai haki hiyo kwa wingi, balozi ndogo za Italia katika eneo hilo zilielemewa kiasi kwamba watu walisubiri miaka, na mahakama za ndani nazo zikajaa kesi. Tarehe 28 Machi 2025 serikali ilitoa amri yenye nguvu ya sheria, iliyothibitishwa na bunge kuwa sheria namba 74 ya Mei 2025. Kwa maneno mafupi, aliyezaliwa nje na mwenye uraia wa nchi nyingine sasa anahitaji kuwa na mzazi, babu au bibi ambaye uraia wake ni wa Italia peke yake, au alikufa akiwa hivyo. Ipo pia njia ya mzazi ambaye ni raia na aliwahi kuishi Italia angalau miaka miwili mfululizo kabla mtoto hajazaliwa. Ada ya ombi nayo ilikwisha kupandishwa kutoka euro 300 hadi 600 mwanzoni mwa mwaka huo.

Upande wenu ulipigiwa kura ya maoni tarehe 8 na 9 Juni 2025, kupunguza muda wa ukaazi kabla ya kuomba uraia kutoka miaka 10 hadi 5. Akidi ni zaidi ya nusu ya wapiga kura wote walioandikishwa, waliojitokeza wakawa karibu asilimia 30, na jambo likafia hapo. Kuna kichekesho kidogo ndani yake: Waitalia walio nje wanahesabiwa kwenye akidi hiyo, kwa hiyo mtu wa Rosario, Argentina, asiyerudisha bahasha yake ya kura anachangia kuamua lini jirani yako wa Bologna ataitwa raia.

Mantiki unayoitafuta, kwa maoni yangu, ni ya kihistoria. Italia ilijizoeza kwa miaka mia moja kujiona nchi ya watu wanaoondoka, na sheria zake zikaandikwa kwa ajili ya kutowapoteza hao. Orodha ya raia waishio nje, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1988, ina zaidi ya watu milioni 6, katika nchi yenye wakazi wapatao milioni 59. Mwaka 2001 ilipitishwa sheria ya kuwawezesha kupiga kura kwa posta, ikasukumwa na Mirko Tremaglia, mwanasiasa wa mrengo wa kulia aliyeipigania kwa miongo kadhaa. Ilipotumika katika uchaguzi mkuu kwa mara ya kwanza mwaka 2006, viti vinne kati ya sita vya seneti vilivyotengwa kwa walio nje vilikwenda kwa mrengo wa kushoto, na Romano Prodi akapata wingi mwembamba wa viti 158 dhidi ya 156. Tremaglia alipanda, wapinzani wake wakavuna. Tangu kura ya maoni ya 2020 iliyopunguza wabunge, viti vya walio nje vimebaki vinane katika bunge la chini na vinne katika seneti.

Ndugu wa Malindi atapenda kujua kwamba majirani zake wa Kiitaliano wanapiga kura katika jimbo moja linaloitwa Afrika, Asia, Oceania na Antaktika, lenye mbunge mmoja na seneta mmoja. Waliochaguliwa mwaka 2022 wote wawili wanatoka katika jamii ya Waitalia wa Australia. Ndipo tovuti ya Malindi inapopata kazi, kwa kuwa mbunge aliye Sydney au Melbourne hatajua shida ya viza ya Kenya isipokuwa mtu aiandike kwa lugha anayoisoma.

Mchangiaji wa 1, Dar es Salaam

Na hayo magazeti makubwa yako wapi leo?

Mwanzisha uzi

*Il Progresso* lilifungwa mwaka 1988, na waandishi wake waliobaki bila kazi wakaanzisha *America Oggi* mwaka huo huo. Toronto ina *Corriere Canadese* la tangu 1954, lililowahi kufungwa mwaka 2013 na kufufuliwa. Australia ina *La Fiamma* la 1947 na *Il Globo* la 1959. Ujerumani, iliyosaini mkataba wa kuajiri wafanyakazi wa Kiitaliano mwezi Desemba 1955, haikuwategemea wachapishaji peke yao: redio ya umma ya Cologne ilianza kuwatangazia kwa Kiitaliano mwaka 1961, baada ya kazi, na wengi wa wasikilizaji hao walikuwa vijana wa viwandani waliokaa mabwenini. Serikali ya Italia hutoa ruzuku kwa baadhi ya magazeti ya nje, na shirika lake la utangazaji lina chaneli ya Rai Italia.

Ninaiona Rai Italia kuwa na kasoro moja isiyotibika kwa fedha. Inawaeleza walio nje habari za Italia, ilhali wao walizoea chombo kinachowaeleza habari zao wenyewe: nani kafariki, nani kaoa, ukumbi wa chama utakarabatiwa lini, sikukuu ya San Gennaro mtaani itaanza saa ngapi. Hata mradi wa utalii wa asili, ambao serikali iliufanyia kampeni kubwa mwaka 2024 kwa kuwaalika wajukuu wa wahamiaji warudi kuona vijiji vya mababu, unamtazama mjukuu kama mgeni mwenye pochi. Na sheria ya 2025 imemwambia mjukuu huyo huyo kwamba akija aje kama mtalii. Sijui kama waliotunga mambo hayo mawili walikaa meza moja.

Kinyume chake kipo Marcinelle, Ubelgiji. Tarehe 8 Agosti 1956 moto katika mgodi wa makaa ya mawe uliwaua watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitalia, waliopelekwa huko kwa mkataba wa 1946 ambao Italia ilitoa wafanyakazi na Ubelgiji ikatoa makaa. Italia iliifanya tarehe hiyo kuwa siku ya kitaifa ya kukumbuka kazi ya Waitalia duniani mwaka 2001, yaani miaka 45 baadaye. Familia za Charleroi, jiji ambalo Marcinelle ni sehemu yake, zilikuwa zimekwisha kuikumbuka miaka yote hiyo.

Mchangiaji wa 3, Mtanzania aishiye Bologna

Nimekuelewa, ingawa uchungu haujaisha. Swali la mwisho: kwetu sisi Watanzania na Wakenya wa huku, kuna kitu cha kujifunza hapo, au ni historia ya watu?

Mwanzisha uzi

Kipo, na ni kidogo kuliko tunavyopenda. Kenya iliruhusu uraia pacha kwa katiba ya 2010, ikaanza kuwapigisha kura walio nje mwaka 2013 na kuunda idara ya serikali ya masuala ya diaspora mwaka 2022. Tanzania bado hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na mjadala wake umehamia kwenye hadhi maalumu. Zote mbili zimeanzia kwenye sheria. Sijaona chombo cha habari cha Waswahili wa Bologna, Napoli au Roma kinachoandika wapi pa kupata mkalimani hospitalini, namna ya kuhuisha kibali cha kukaa, au jinsi ya kusafirisha maiti nyumbani. Mambo hayo tunayafanya kwenye makundi ya simu, na yanafutika pamoja na simu. Waitalia wanajulikana hivyo leo kwa sababu walichapisha. Magazeti yao mengi ya Marekani yamehifadhiwa katika kituo cha utafiti wa historia ya wahamiaji cha Chuo Kikuu cha Minnesota, na mtu anaweza kuyasoma tanzia hadi tangazo la kinyozi.

Ukitaka kuanza, anzia karibu na ulipo: Chuo Kikuu cha L'Orientale cha Napoli kimefundisha Kiswahili kwa miongo mingi, na wahitimu wake wanaweza kukuhariria ukurasa wa lugha mbili. Ukifungua ukurasa huo, weka kiungo chake hapa chini tuusome.